Betri za msikiti

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia faragha: "Shekhe, nina simu tano mbovu na betri mbili za sola zilizokufa. Kuna mtu mtaani ananunua, anachoma na kuyeyusha apate shaba na risasi. Hiyo pesa ni halali?" Nilikaa na swali lake siku tatu bila kujibu. Si kwamba jibu ni gumu. Ni kwamba nikimjibu bila kusema lililonipata mimi, nitakuwa nampigia mtu mawaidha juu ya shimo nililochimba mwenyewe. Basi leo nalisema. Mwenye haraka ahifadhi asome usiku, maana ni refu.

Mwaka 2019 nilikuwa imamu wa msikiti mdogo katika mji mmoja wa pwani, mkoa wa Tanga. Ilikuwa Shaabani, tunajiandaa na Ramadhani, na kamati ikaamua tusafishe stoo. Mnajua stoo za misikiti yetu. Ilikuwa na amplifaya tatu zilizoungua, spika za honi zilizoota kutu, TV chogo mbili ambazo mtu alizitoa sadaka baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa mwishoni mwa 2012, rundo la nyaya, taa za mirija zilizokwisha, na betri nne kubwa za sola, kila moja ukiinyanyua mgongo unalia. Vyote vilikuwa wakfu. Kila kimoja kilitolewa na mtu anayetaraji malipo kwa Allah.

Mweka hazina akauliza: tunaruhusiwa kuuza mali ya wakfu? Nikajibu kwa kujiamini. Nikawasomea kwamba Imam Nawawi katika Minhaj amelisahihisha kauli ya kwamba mikeka ya msikiti ikichakaa, na magogo yake yakivunjika yasifae ila kuchomwa, inajuzu kuuzwa. Amplifaya iliyokufa si mkeka, lakini hukumu inakwenda njia hiyo hiyo. Kamati ikaridhika. Nikajiona nimefanya kazi ya elimu.

Betri tulimuuzia jirani, mvuvi, mtu wa safu ya kwanza kila alfajiri. Alitupa shilingi 96,000, tukanunulia taa mpya na ndoo za udhu. Nyaya nikawapa vijana wa madrasa wazichome nyuma ya uzio wapate shaba, wauze, wanunue mipira. Kiberiti niliwapa mimi. Moshi ule mweusi uliingia mpaka darasani, tukafunga madirisha tukaendelea na tajwidi.

Mvuvi alizitaka betri kwa ajili ya risasi iliyomo ndani. Hapa nisieleweke vibaya: risasi ninayosema ni yale madini mazito laini ya kijivu. Kwa watu wa nyavu ni mali, maana ndiyo wanayoyeyusha kutengeneza chubwi, vile vizito vinavyozamisha wavu. Kazi yenyewe ni rahisi na ndiyo balaa yake. Unapasua betri kwa shoka, unamwaga ile asidi chini, unatoa mabamba, unayaweka kwenye karai juu ya mafiga matatu, na baada ya muda yanakuwa maji yanayong'aa. Unamimina kwenye vitundu vya mchanga. Alifanya hivyo uani kwake, hatua chache kutoka mahali mkewe anapopikia. Watoto wanachungulia. Kuku wanadonoa.

Alipoona biashara inalipa akatafuta na betri nyingine, za magari na za bodaboda. Lakini mlango tulimfungulia sisi.

Alikuwa na mtoto wa kiume, mwanafunzi wangu. Sitamtaja jina, ingawa mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Mtoto huyu alikuwa na hifdhi ya kushangaza. Akiwa na miaka minane alikuwa ameshapanda kutoka Naas mpaka Fajr, na makharija yake yamekaa sawa. Mwaka 2020 akaanza kusahau. Alianza na aya moja moja, kisha sura nzima zikawa zinamponyoka. Akawa analalamika tumbo, anasinzia, anagombana na wenzake. Nikamwita mvivu mbele ya darasa. Nikamchapa. Si mara moja, ndugu zangu. Nilimchapa kwa kusahau Kitabu cha Allah, na nilidhani ninamsaidia.

Ramadhani ya 2021 alikuja kufuturu kwetu daktari mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam, kijana niliyemsomesha zamani. Baada ya Alasiri alipita njia ya nyuma akauona moto wa karai. Akarudi kwangu uso umebadilika.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu, mbona hivyo?"

"Maalim, yule mzee anayeyusha betri pale watoto wakiwa wamekaa. Amezipata wapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, kwa adabu. Ningependa angenigombeza.

Jioni ile akanifundisha. Moshi wa risasi na vumbi lake havinuki kama taka, mtu hajui kama anavivuta. Vumbi linakaa kwenye mchanga, kwenye nguo, kwenye kucha, na mtoto anatia mikono mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo unafyonza sehemu kubwa ya risasi anayoimeza, mara nne hata tano zaidi ya mtu mzima. Inakwenda kwenye ubongo, ini, figo, na kisha inajificha kwenye mifupa miaka na miaka. Mwanamke akibeba mimba, ile iliyolala mifupani mwake tangu utotoni inatoka tena, inamfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango cha risasi katika damu kisicho na madhara. Nikamuuliza dalili zake kwa mtoto. Akazitaja: tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua, kusinzia, hasira, kuwa mzito wa kujifunza na kushika.

Wallahi, nilihisi fimbo ile mkononi mwangu.

Tulimpeleka mtoto na mdogo wake wa kike Dar, nauli nikatoa mimi. Majibu ya damu yalikuja juu kwa wote wawili. Daktari ni mtu mwaminifu, akasema hawezi kuapa kwamba usahaulifu wote unatokana na risasi, maana mtoto ana mambo mengi. Lakini hakuiondoa. Dawa ya kwanza, akasema, si kidonge. Ni kumtoa mtoto penye sumu.

Nilipoanza kuulizauliza nikajua kwamba msiba wetu mdogo una ndugu mkubwa, tena hapa hapa pwani yetu. Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa humo, Phyllis Omido, mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Akaacha kazi akaanza kudai haki, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikapanda na kushuka katika rufaa miaka kadhaa. Mimi nilisoma habari zile usiku mmoja nikajiuliza: wale wana mahakama ya kuwatetea, mtoto wa mvuvi wetu angemshitaki nani? Angemshitaki imamu wake.

Sasa turudi kwenye fiqhi, maana hapa ndipo nilipoteleza. Fatwa yangu ya kuuza ilikuwa sahihi, na bado nasema ni sahihi. Nilichokosa ni kuuliza kitu kinakwenda wapi baada ya kuuzwa. Imam Nawawi huyo huyo, katika ile Arobaini yake tunayowafundisha watoto, ameiweka Hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kudhuru na kulipizana madhara. Nimeisomesha mara ngapi? Sina hesabu. Na Mtume (s.a.w.) alitahadharisha vikali juu ya mtu anayekwenda haja penye vyanzo vya maji, njiani na penye kivuli wanapopumzika watu. Maulamaa wameifungamanisha na maudhi kwa viumbe. Kinyesi kinaoza, mvua mbili tatu kimekwisha. Risasi haiozi. Mchanga wa ule ua ulikuwa utawadhuru wajukuu ambao hawajazaliwa.

Mkeka ukichakaa ukauuza, mnunuzi ataukalia au ataupikia, basi. Betri, TV chogo, friji, simu, hivi si mikeka. Kwenye kioo kinene cha TV chogo mna risasi, kwenye TV moja inaweza kufika kilo na zaidi. Taa za mirija zina zebaki. Nyaya tulizochoma, ile plastiki yake ikiungua kwa moto hafifu wa jalalani inatoa sumu ziitwazo dioksini. Ghana, jijini Accra, palikuwa na mahali panaitwa Agbogbloshie ambapo vijana walichoma nyaya miaka mingi. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba walipima mayai ya kuku waliokuwa wakichakura pale wakakuta dioksini mara nyingi mno kupita kiasi kinachovumilika. Serikali ilipabomoa Julai 2021. Nilipoyasoma yale ya mayai nikakumbuka kwamba futari ya nyumbani kwa mvuvi tuliila pamoja, na mayai yalikuwepo.

Kuna wanaoniambia: "Shekhe, haya mambo ya wazungu, sisi taka zetu ni ndogo." Ndugu yangu, fungua droo yako. Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima, zile simu zilikwenda wapi? Zipo kwenye madroo, nyingine kwenye majalala, nyingine watoto walichezea wakatoboa betri. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema kwa mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia inayojulikana ni asilimia 22.3 tu. Zilizobaki ziko kwa watu kama mimi na kiberiti changu.

Na wala si taka tupu, hapo ndipo israfu yenyewe ilipo. Wajapani walikusanya vifaa chakavu kati ya 2017 na 2019, zikiwemo simu zaidi ya milioni sita, wakapata humo kilo 32 za dhahabu na tani tatu na nusu za fedha, wakatengeneza medali zote za Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo, kama 5,000 hivi. Sisi dhahabu hiyo tunaifukia na maganda ya ndizi. Lakini msinielewe kwamba nawaambia mkaichimbe wenyewe. Kuitoa kunahitaji tindikali na mitambo. Anayejaribu uani na beseni anauza mapafu yake kwa gramu.

Niseme neno kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Oman, Marekani na kwingineko, maana mnanifuata wengi na Allah awalipe kheri kwa mnayoyatuma. Tuliwahi kupokea kompyuta 20 kwa ajili ya madrasa. Tulipiga dua, tulipiga picha. Tulipoziwasha, 13 hazikuwaka, na fundi akasema baadhi zilishakufa kabla hazijapakiwa. Sitawataja waliotuma, nia yao Allah anaijua. Lakini Qur'ani imetukataza kukusudia kibaya katika tunavyotoa, kile ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kompyuta mbovu inayosafirishwa kwa kontena inaitwa sadaka bandarini kwenu. Ikifika kwetu ni taka, na sisi ndio tunaobaki nayo. Na kisheria mjue: chini ya Mkataba wa Basel, tangu tarehe 1 Januari 2025, taka za kielektroniki za aina zote, zenye sumu na zisizo na sumu, hazivuki mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Mkataba wa Bamako nao, ambao Tanzania imo, unakataza kuingiza Afrika taka zenye sumu. Kwa hiyo washeni kwanza. Kinachowaka, leteni, tunakihitaji mno. Kisichowaka kipelekeni kwenye vituo vya huko huko mliko, mnavyo.

Turudi kwa kijana wangu na betri zake. Kijana, kuuza inajuzu. Kumuuzia mtu unayejua atachoma na kuyeyusha mtaani, hapo umesaidia madhara, na mimi siwezi kukuhalalishia nilichokijutia. Tafuta mkusanyaji mwenye kibali. Nchi yetu ina kanuni za taka hizi tangu 2021, na ofisi ya usimamizi wa mazingira ya kanda yako itakwambia nani ana kibali. Usione haya kupiga simu kuuliza, mimi nilipiga na nilijibiwa vizuri. Wakati unasubiri, betri ya sola isimame wima kwenye beseni la plastiki, mbali na watoto, na maji yake usiyamwage. Simu ambayo betri yake imevimba usiitoboe wala usiikandamize, inaweza kulipuka moto mkononi. Na kabla simu haijaondoka kwako futa picha na ujumbe wa watu, hizo ni amana. Nimeshaletewa kesi ya ndoa iliyovunjika kwa picha zilizotoka kwa fundi.

Mafundi simu na mafundi redio, nanyi msinichukie. Kazi yenu ni katika kazi bora, maana kinachotengenezwa hakijawa taka. Ila ile meza ya lehemu si ya kulia chapati. Nawa mikono, nguo ya kazi usiibebee mtoto.

Kuhusu deni langu. Nilikwenda kwa sheikh wangu Tanga mjini, mzee wa miaka mingi, nikamweleza yote nikidhani atanipa kafara ya kulisha masikini nikapumzika. Akaniuliza: "Umeshamwomba radhi mtoto?" Nikasema nimemwomba baba yake. Akasema: "Fimbo alipigwa baba?" Nikaondoka.

Nilimwita mtoto baada ya Magharibi, tukakaa barazani. Nikamwambia: mwanangu, nilikupiga kwa kosa ambalo huenda lilikuwa langu, naomba radhi kwako, na ukitaka kunidai mbele ya Allah una haki. Alikuwa na miaka tisa na ushei. Akainamisha kichwa, akachora chini kwa kidole, kisha akauliza: "Kwa hiyo maalim mimi si mjinga?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo, nami nimekaa na watu wenye talaka tatu na mirathi ya mitaa mizima.

Mvuvi tulimkalisha kikao, kamati nzima. Hakukasirika, alilia. Tatizo lilikuwa riziki, maana wavu bila chubwi ni nguo. Tukarudi kwa wazee, wakatukumbusha kwamba wao walivua kwa mawe kabla betri hazijafika. Siku hizi anamimina za saruji kwenye vifuu vya nazi. Ni nene kidogo, vijana wanazicheka, lakini wavu unazama. Ua wake tuliukwangua tabaka la juu kwa maelekezo ya daktari, tukiwa tumelowesha mchanga ili usirushe vumbi, tukaumwagia saruji. Shilingi 96,000 tulizopata kwenye betri zilikuwa zimekwisha zamani. Saruji peke yake, bila nauli za Dar na vipimo, ilitugharimu mara tano ya hizo.

Stoo ya msikiti sasa ina pipa la plastiki lenye mfuniko. Watu wanaleta simu, chaja, taa, betri za tochi. Kampuni yenye kibali imeshakuja na gari lake mara mbili. Haitulipi sana, na mweka hazina bado analalamika kila mwaka kwenye mkutano. Namwacha alalamike.

Dada mtu, alhamdulillah, damu yake imeshuka vizuri na yuko shuleni. Yule wa kiume ni kijana sasa, sauti imeshavunjika. Kumbukumbu yake haijarudi kama ilivyokuwa. Mlango wa Allah hauna kufuli, ila nasema ninachokiona. Kila siku baada ya Alasiri ananisomea, sisi wawili tu, na fimbo haipo nyumbani kwangu. Alhamisi iliyopita tulifika 'Abasa. Akakwama katikati, akanitazama. Nikamwambia turudi mwanzo, tukarudi.

Wallahu a'alam.